Mbuni wa Lomami na Ndugu Zake wa Mbali

Mji mdogo wa Isangi umekaa pale ambapo mto Lomami wamwaga maji yake katika mto Kongo, kilometa zipatazo 125 kutoka Kisangani kwa kufuata maji yateremkavyo. Msafiri apitaye kwa mtumbwi huona nyumba, michikichi na mihogo, na nyuma yake msitu. Ndani ya msitu huo, chini ya kivuli cha miti mirefu, huota mti mdogo ambao wengi hupita kando yake bila kuutazama. Majani yake ni mapana, ya kung'aa. Maua yake meupe hunukia vizuri kwa siku chache tu. Matunda yake mekundu hupendwa na ndege na kima. Mti huo ni mbuni (nasema mti, wala si yule ndege mwenye shingo ndefu). Hakuna mtu aliyeupanda. Ni mbuni wa mwitu, wa aina ile iitwayo robusta, ambayo kahawa yake hunywewa leo dunia nzima.

Wataalamu wa mimea huuita Coffea canephora. Makao yake ya asili yaanzia misitu ya Guinea na Côte d'Ivoire upande wa machweo, yapita Kamerun, Afrika ya Kati na Kongo, yafika misitu ya Uganda upande wa mawio, na kusini yagusa Angola. Hiyo ni nchi kubwa mno kwa mti mmoja. Je, mbuni wa Guinea na huu wa Isangi ni sawasawa? Kwa jina, ndiyo. Kwa tabia, sivyo kabisa.

Huku Yangambi, katika wilaya ya Isangi, mvua ya mwaka mmoja hufika milimita zipatazo 1,800, na miezi yenye mvua haba ni michache. Mbuni wa hapa haukulazimika kuogopa kiu: majani yake ni makubwa, nayo mbegu zake ni nene. Lakini kule magharibi jua huwaka miezi mingi mfululizo. Mibuni ya huko ina majani membamba na madogo, mbegu zake ni ndogo zenye kafeini nyingi, nayo huvumilia ukame ambao ungeiua mibuni ya Kongo. Hata hivyo, ugonjwa wa kutu ya majani huishika mibuni hiyo upesi, kumbe ile ya Kongo hushindana nao vizuri zaidi.

Tofauti hizi zimetoka wapi? Wengi hudhani kwamba mti huzoea shida, kisha huwafundisha watoto wake. Sivyo. Mti mmoja haubadili urithi wake. Ukoo ndio ubadilikao. Mbuni wa robusta hauwezi kuzaa kwa unga wa maua yake wenyewe, yaani chavua yake. Ni lazima upepo au nyuki walete chavua ya mti mwingine. Kwa hiyo kila mbegu ina wazazi wawili, na miche ya mama mmoja hutofautiana kama watoto wa nyumba moja: huyu ana mizizi mirefu, yule ana majani mapana. Ukija ukame mkali, wengi hufa, na wachache waliobahatika kuzaliwa na uvumilivu ndio watoao mbegu za mwaka ufuatao. Rudia jambo hilo kwa maelfu ya miaka, nawe utakuta msitu mzima wa mibuni isiyoogopa kiu.

Tena msitu wenyewe haukuwa mmoja siku zote. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, wakati barafu ilipofunika sehemu kubwa za Ulaya, Afrika ilikuwa na baridi na ukavu zaidi kuliko leo. Msitu ulinywea, katikati yake yakaenea majani ya mbuga. Mibuni iliyobaki mahali pamoja haikuweza tena kupelekeana chavua na ile ya mahali pengine, basi kila ukoo ukashika njia yake. Hata leo, huko Togo na Benin, pana nchi kavu isiyo na msitu mkubwa, nayo huitenga mibuni ya Guinea na jamaa zake wa Kongo.

Wanadamu nao walichagua. Wahaya wa Bukoba walikuwa wakitafuna buni za robusta zilizochemshwa na kukaushwa, na kumkaribisha mgeni kwazo, kabla Mzungu hajafika kwao. Uganda wakulima hutofautisha mbuni wa nganda, utambaao kwa matawi mengi, na ule usimamao wima.

Safari ya mbuni wa Kongo ni habari ya ajabu. Mwishoni mwa karne ya 19 wakusanya mimea, mmoja wao akiwa Profesa Émile Laurent wa Gembloux, Ubelgiji, walichukua mibuni ya bonde la Lomami na nchi jirani. Mwaka 1900 bustani ya Linden ya Brussels ilikuwa ikiuza miche yake kwa jina la robusta, maana yake yenye nguvu. Muda si mrefu miche hiyo ikafika Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeangamiza mashamba ya arabika tangu mwaka 1876. Robusta ikasimama. Kisha mbegu zilizochaguliwa Java zikarudishwa Kongo na kupandwa Lula, karibu na Kisangani. Basi mbuni wa shambani huko huenda ukawa mjukuu wa msitu uleule, aliyerudi nyumbani baada ya kuvuka bahari!

Lakini maadui hubadilika pia. Mwaka 1927, katika nchi iitwayo leo Jamhuri ya Afrika ya Kati, ulionekana ugonjwa wa mnyauko, uletwao na ukungu ambao huziba njia za maji ndani ya shina. Mashamba mengi yalikufa, hata watafiti wakachagua mibuni yenye kuustahimili, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Baadaye mnyauko ukazuka upya kaskazini-mashariki ya Kongo, na mwaka 1993 ukatokea Uganda. Huko karibu nusu ya mibuni ya robusta iliangamia. Watafiti wa Kituza walikusanya miche ya miti michache iliyobaki hai kati ya iliyokufa, na kutoka humo wakapata aina saba za kwanza, KR1 hadi KR7, ambazo wakulima hupanda sasa. Kama mibuni yote ya Uganda ingalikuwa ya urithi mmoja, isingalibaki hata mmoja wa kuchagua.

Ndiyo sababu watafiti wamerudi kuitazama mibuni ya mwitu ya nchi ya Isangi. Kituo cha Yangambi, kilichoanzishwa mwaka 1933, kina shamba la mibuni ya namna nyingi, na nyumba yenye vielelezo vya mimea iliyokaushwa vipatavyo 150,000. Mwaka 2021 ulitolewa uchunguzi uliolinganisha chembe za urithi za mibuni ya msituni na ile ya mashamba na nyuma ya nyumba za watu wa sehemu hizo. Makundi mawili yalitengana wazi. Hata hivyo, mahali pengine mbuni wa mwitu ulikutwa uani, na mahali pengine machotara ya pande zote mbili.

Mahindi na maharagwe huweza kukaushwa na kuwekwa ghalani kwa miaka mingi, yakingojea siku ya kuhitajiwa. Mbegu ya mbuni haikubali hivyo. Katika ghala la kawaida hupoteza uhai kwa miezi michache. Ukoo wa mbuni huhifadhiwa zaidi kwa miti iliyo hai: shambani Yangambi, uani mwa mtu, au pale ulipoota wenyewe msituni, na msitu huo hupungua kila shoka na moto wa kulima vinapousogelea.