Kuhama Mbali na Wanyama wa Nyumbani: Kinga ya Kichaa cha Mbwa Kabla, Wakati na Baada ya Safari

Barua ya uhamisho wa kikazi inapofika nyumbani, mambo mengi huanza kuhesabiwa upya: shule ya watoto, kodi ya nyumba, gharama ya lori, vyombo vya kubeba na vya kuuza. Katika kaya nyingi ipo hesabu nyingine ambayo haiandikwi popote. Kuna mbwa wawili wa ulinzi, paka na watoto wake, tenga la kuku, na pengine njiwa au sungura wa watoto. Mara nyingi hesabu hii hufanywa usiku wa kuamkia safari, wakati mizigo imekwisha kufungwa na hakuna tena nafasi ya kumwona daktari wa mifugo.

Kuchelewa huko si suala la usumbufu pekee. Mnyama anapohama, huhama pamoja na magonjwa ya mahali alikotoka, na hukutana na yale ya mahali aendako. Kati ya magonjwa hayo, kichaa cha mbwa ndicho kinachostahili kutangulizwa, kwa sababu dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Hata hivyo, ni ugonjwa unaozuilika kikamilifu pale hatua zinapochukuliwa kwa wakati.

Kwa nini safari huongeza hatari

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa kung'atwa, kwa kukwaruzwa, au mate yanapogusa jeraha au utando laini wa macho na mdomo. Duniani, zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na takribani watu wanne kati ya kila kumi wanaofariki ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15.

Jambo la kwanza linaloifanya safari kuwa na hatari ni muda wa kuatamia. Mbwa aliyeng'atwa huweza kukaa wiki kadhaa, na wakati mwingine miezi, bila kuonyesha dalili yoyote. Katika muda huo hula, hucheza na kubweka kama kawaida. Akipakiwa katika gari Dar es Salaam akiwa mzima machoni pa watu, huenda akaugua akiwa Mwanza, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mahali alipoambukizwa, miongoni mwa majirani wasiojua lolote juu ya historia yake.

Jambo la pili ni hofu. Mbwa mpole anayefungwa kwa kamba asiyoizoea, au paka anayetiwa katika kiroba gizani, huweza kumng'ata hata mtoto aliyemlea. Majeraha mengi ya siku ya kuhama hayatokani na ugonjwa, bali na woga. Lakini jeraha likishatokea, hakuna awezaye kutofautisha kwa macho tu.

Funzo la Kisiwa cha Pemba

Historia ya karibuni ya Pemba inaonyesha jinsi safari ya wanyama wachache inavyoweza kubomoa kazi ya miaka. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa hicho walichanjwa kwa kampeni, na watu waliong'atwa wakapatiwa chanjo. Hatua kwa hatua minyororo ya maambukizi ilikatika, na kichaa cha mbwa kikatoweka kisiwani. Baada ya hapo uchanjaji ulilegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ulirejea. Watafiti waliofuatilia wagonjwa mmoja baada ya mwingine na kuchunguza vinasaba vya virusi walibaini kwamba virusi vilikuwa vimeingizwa kisiwani mara mbili. Uchanjaji wa mbwa wa kisiwa kizima uliporejeshwa, mlipuko ulikomeshwa Oktoba 2018.

Funzo lake ni wazi. Virusi hivi havivuki bahari vyenyewe. Huvuka ndani ya mwili wa mnyama. Na vinapofika mahali ambapo mbwa wengi hawajachanjwa, mnyama mmoja anatosha kuanzisha mnyororo mpya.

Kabla ya safari

Maandalizi yaanze siku ile ile tarehe ya kuhama inapojulikana, ikiwezekana mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuondoka. Mbwa na paka wote wenye umri wa miezi mitatu na kuendelea wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Kinga haiji siku ya sindano: kwa mnyama anayechanjwa kwa mara ya kwanza, huhesabiwa kuanzia takribani siku 21 baada ya chanjo. Kwa hiyo mbwa aliyechanjwa jana na kupakiwa leo ana cheti, lakini hana kinga.

Ofisi ya mifugo ya wilaya ndiyo mahali pa kuulizia kibali cha kusafirisha wanyama na uchunguzi wa afya yao. Afisa mifugo atashauri pia juu ya dawa za minyoo, viroboto na kupe, na juu ya magonjwa ya mkoa wanakokwenda, kama vile yale yanayoenezwa na mbung'o. Kuku nao wachanjwe dhidi ya kideri mapema, kwa kuwa kundi lenye ugonjwa huo huweza kumaliza kuku wa mtaa mzima wanakohamia.

Kila mnyama aandikiwe jina, umri, rangi na tarehe ya chanjo katika karatasi moja inayokaa na mkuu wa kaya, si ndani ya mizigo. Karatasi hiyo huonekana ndogo hadi pale mtu anapong'atwa njiani.

Njiani

Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwili mzima kama binadamu. Hutegemea zaidi kuhema kwa haraka. Nje kukiwa na nyuzijoto 24, ndani ya gari lililofungwa joto huweza kufika nyuzi 34 katika dakika 10, na nyuzi 43 katika nusu saa. Mnyama asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala asifungiwe nyuma ya lori chini ya turubai lisilopitisha hewa. Apewe chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kuondoka, na maji kila gari linaposimama.

Paka wasafirishwe katika kizimba au kikapu imara chenye matundu, kila mmoja na chake ikiwezekana, kwa kuwa paka wanaopatana nyumbani huweza kushambuliana wakiwa na hofu. Mbwa wafungwe mkanda kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Watoto wasipewe kazi ya kuwashika. Dawa za usingizi za binadamu zisitumike kuwatuliza, na paka asipewe kamwe parasetamoli, kwani ni sumu kwake.

Kasuku na njiwa wasikae sehemu moja na abiria katika gari lililofungwa madirisha. Vumbi la kinyesi kilichokauka huweza kubeba bakteria wanaosababisha homa ya mapafu kwa binadamu.

Mtu anapong'atwa

Hatua ya kwanza haihitaji hospitali. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Lisipakwe pilipili, majivu, mafuta ya taa wala dawa ya mitishamba. Kisha majeruhi afike katika kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama safari itakatizwa. Mzazi anayesema "tutaangalia tukifika" anaahirisha jambo ambalo huenda lisisubiri.

Mahali ambapo mbwa au paka aliyeng'ata ni mzima na anaweza kufungiwa, hufuatiliwa kwa siku 10. Akibaki hai na mwenye afya hadi mwisho wa muda huo, hakuwa na virusi katika mate yake siku aliyong'ata, na chanjo ya majeruhi huweza kusitishwa kwa ushauri wa mtaalamu. Kuhama huharibu utaratibu huu. Mbwa hubaki Singida wakati majeruhi yuko Mwanza, au hupewa mtu, au hutoroka kwenye maegesho. Kwa hiyo matibabu yaanze bila kusubiri habari za mnyama.

Anayeanza chanjo njiani ana wajibu wa kuimaliza. Ratiba hutegemea namna ya kudunga: ndani ya ngozi, sindano hutolewa siku ya 0, ya 3 na ya 7, kwenye msuli, siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Kadi ya chanjo isafiri na mgonjwa mwenyewe, na kituo kinachomwanzishia kimweleze ni wapi atakapoendelea.

Maswali matatu kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye jeraha la meno au kucha za mnyama aulizwe: mnyama huyo ametoka wapi katika miezi sita iliyopita? Yuko wapi sasa, na nani anamwona kila siku? Alichanjwa lini, na cheti kiko wapi? Mbwa kuwa na cheti hakuondoi hitaji la kumtathmini majeruhi. Jeraha lililotoboa ngozi na kutoa damu, hata likiwa moja, huhesabiwa katika daraja la tatu: huhitaji kuoshwa, chanjo, na kingamwili za kudungwa ndani na kuzunguka jeraha. Taarifa ipelekwe pia kwa afisa mifugo wa eneo, kwa sababu nyuma ya mgonjwa mmoja huenda kuna mbwa anayeendelea kung'ata wengine.

Mama mjamzito na paka

Mara nyingi kuhama humfanya mama mjamzito ashauriwe kumtupa paka kwa hofu ya vimelea vya toksoplazima. Ushauri huo hauna msingi wa kutosha. Vimelea vinavyotoka katika kinyesi cha paka huhitaji angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza. Kinyesi kikiondolewa kila siku na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Akikosekana mtu, mama avae glavu na kunawa mikono. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa navyo ni njia za maambukizi hayo hayo. Wagonjwa wenye kinga dhaifu wafuate tahadhari hizo hizo.

Wanaoachwa nyuma

Familia yenye wanyama wengi huenda isiweze kuwabeba wote. Hapo ndipo lango hufunguliwa, lori huondoka, na mbwa hubaki barabarani. Mbwa huyo hatapelekwa tena kwenye chanjo. Atatafuta chakula jalalani, atazaa, na watoto wanaompita wakienda shuleni hawatajua kwamba jana alikuwa na jina. Ili mnyororo wa maambukizi ukatike katika jamii, angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuwa wamechanjwa. Kila anayetelekezwa hupunguza kiwango hicho.

Asiyeweza kusafiri atafutiwe mlezi wiki kadhaa kabla, akabidhiwe akiwa amechanjwa, na cheti chake kikabidhiwe pamoja naye. Wale wanaofika salama wafungiwe ndani ya uzio au chumba kimoja kwa siku za mwanzo, hadi wazoee makazi mapya na majirani wajue wana mwenyewe. Kisha waandikishwe kwa afisa mifugo wa kata, ili kampeni ya chanjo itakapopita, isiwaruke.