Vipele vya ndevu: wembe mpya peke yake hautoshi

Mu saluni nyingi za Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Essence, kunyoa ndevu kunaisha kwa namna moja. Kinyozi anamimina alkoli mkononi, anampiga nayo mteja ku mashavu na ku shingo, mteja anakunja uso, kazi imekwisha. Wengi wanaamini kwamba kuungua huko ndiko kunazuia vipele, ama mabutoni kama vijana wanavyosema. Lakini nyuma ya siku mbili tatu vinatoka tu, na lawama zote zinaangukia wembe: ulikuwa mchafu, ama ulimunyoa mwingine.

Hapa kuna mambo matatu ambayo watu wanachanganya.

La kwanza ni ngozi kuwaka. Inakuwa nyekundu ama nyeusi zaidi, inawasha, inauma ukigusa. Hiyo inakuja palepale na mara nyingi inapoa kwa siku moja ao mbili. Sababu yake ni msuguano: wembe butu, ngozi kavu, mkono unaokandamiza, ama kupitisha wembe mara nne mahali pamoja. Alkoli haiponyeshi kitu hapo. Inakausha ngozi ambayo tayari imekwanguliwa.

La pili ni vipele vyenyewe, na hapa wembe mpya kabisa unaweza kuvileta vilevile. Unywele wa ndevu za watu wengi wetu umejikunja tangu ndani ya ngozi. Ukikatwa kwa wembe unabaki na ncha kali kama mwiba. Ukianza kuota tena, unapinda, unarudi na kuchoma ngozi ya pembeni. Mwili unaupokea kama kitu cha kigeni, unavimba, pengine unatoa usaha. Kuna njia nyingine mbaya zaidi: kinyozi akivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume cha ndevu, unywele unakatwa chini ya uso wa ngozi. Ngozi ikiachiliwa, unywele umefungiwa ndani, na unaotea mulemule.

Ni vile watu wanaopenda kidevu kilaini kama cha mtoto ndio wanaoteseka zaidi. Mteja anapitisha kiganja, anasema bado kunakwaruza, rudia. Kinyozi anarudia, juu hataki kupoteza mteja. Kusema kweli, mara nyingi ni mteja mwenyewe anayeagiza vipele vyake.

Dawa yake inaanzia mbele ya wembe. Ndevu zilowe kwanza: kitambaa chenye maji ya moto kidogo kikae ku uso dakika mbili tatu, kisha povu nzito ya sabuni. Mahali maji ya bomba ni shida, kikombe kimoja kinatosha, lakini kunyoa ngozi kavu ni kutafuta matatizo. Halafu kinyozi aangalie ndevu zinalalia wapi. Ku mashavu kwa kawaida zinashuka, ila ku shingo zinaweza kupanda ama kwenda kando, na ndiyo maana vipele vinajaa pale. Wembe ufuate zinakolalia, ulazwe kama nyuzi 30 hivi, bila kukandamiza, ngozi ishikwe tu isikunjamane. Mara moja inatosha. Kisha maji ya baridi, kitambaa safi kigusishwe bila kusugua, basi.

Kwa yule ambaye vipele havimuachi, kama mlinzi ama polisi anayetakiwa kuonekana amenyoa kila siku, mashine inayoacha ndevu fupi sana, kama milimita moja, ni bora kuliko wembe. Shida ni pale umeme unapokatika, saluni zinarudi ku wembe.

Sasa jambo la tatu, ambalo ndilo kazi ya kweli ya wembe mpya: damu. Wembe uliokata mtu mmoja unaweza kumpelekea mwingine ukimwi, ao ugonjwa wa ini wa aina B na C. Kirusi cha ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 ama zaidi, hata pale damu haionekani kwa macho. Watu wazima wengi hawakupata chanjo yake walipokuwa watoto. Wembe wa kukunja wa vinyozi wetu unatiwa nusu ya wembe wa kawaida, unaovunjwa katikati ndani ya karatasi yake. Mteja ana haki ya kuona karatasi ikifunguliwa mbele yake. Aangalie pia kishikio, juu watu wanabadilisha wembe na kusahau kwamba damu inaingia hata pale unapobanwa. Kioshwe kwa sabuni na maji, ndipo alkoli ipite. Hapo ndipo alkoli ina kazi, siyo ku shingo la mtu.

Vipele vikishatoka, wembe uachwe wiki tatu nne, ndevu ziote. Unywele ukionekana umepinda kama pete juu ya ngozi, unaweza kuinuliwa polepole na sindano safi. Usichimbe, usiung’oe, juu ukiota upya utarudi mulemule. Pomadi za sokoni zenye kortizoni zinapunguza uvimbe kwa siku chache, lakini zikizoewa zinaifanya ngozi iwe nyembamba. Uvimbe wenye usaha unaoenea, ama makovu magumu yanayokua ku kidevu na nyuma ya shingo, huyo mtu aende ku kituo cha afya, siyo ku saluni.