Salamu, Umri na Lugha ya Mgeni: Kutafsiri kwa Kiswahili Mazungumzo ya Filamu ya Angst essen Seele auf

Filamu ya Kijerumani Angst essen Seele auf, iliyotungwa na kuongozwa na Rainer Werner Fassbinder, ilitoka mwaka 1974. Ilipigwa mjini Munich kwa takriban wiki mbili tu na kwa fedha kidogo, na mwaka huohuo ilipata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika tamasha la Cannes. Inasimulia mapenzi ya Emmi, mjane wa miaka sitini hivi anayeishi kwa kazi ya usafi, na Ali, kibarua kutoka Moroko aliye mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 20. Wanakutana baani, wanacheza, wanaoana. Watoto wa Emmi, majirani na wafanyakazi wenzake wanawatenga. Wahakiki wengi huisoma kama filamu ya ubaguzi dhidi ya wageni, na ndivyo ilivyo. Hata hivyo, kwa anayetaka kuiwekea maandishi ya Kiswahili chini ya picha, tatizo la kwanza ni umri, nalo humkabili kabla wapenzi hao hawajajuana majina.

Kijerumani kina njia mbili za kumwambia mtu mmoja "wewe": du kwa mtu wa karibu au mtoto, na Sie kwa mtu mzima asiyezoeleka. Ali, aliyeokota Kijerumani chake kazini, hutumia du. Kwa kanuni za adabu, kumwambia hivyo mwanamke wa rika la mama yake, tena mgeni machoni pake, ni utovu wa heshima. Hadhira humsamehe kwa kuwa kosa ni la mtu asiyeijua lugha. Lakini ndani ya kosa hilo pengo la umri linafutika: Emmi anasemeshwa kama mwanamke, si kama bibi kizee, pengine kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe.

Kiswahili hakina viwakilishi viwili vya namna hiyo. Heshima ya umri hubebwa na salamu na majina ya udugu. Katika Kiswahili cha Tanzania, kijana anayemsogelea mwanamke wa miaka sitini bila "shikamoo" amekwisha kujitangaza kuwa hana malezi. Akiitamka, na mwanamke akaitikia "marahaba", wamekwisha kupangwa kuwa mtoto na mzazi; ombi la kucheza linalofuata litasikika kama dhihaka. Nairobi mzigo ni mwepesi kidogo, kwa kuwa salamu hiyo haishurutishwi hivyo. Mashariki ya Kongo, ambako "mama" ni neno la heshima kwa mwanamke mzima yeyote, Ali angeweza kusema "mama" bila kuua mapenzi. Mfasiri anayeandikia eneo zima hawezi kuwaridhisha wote. Lililo jema zaidi ni kumwacha Ali aanze na "wewe" tupu, bila salamu wala jina la udugu. Mtazamaji wa Dodoma atashtuka, na mshtuko huo ndio hasa alioupata mtazamaji wa Munich.

Ugumu wa pili umo katika jina la filamu lenyewe. Maneno hayo ni ya Ali, akimjibu Emmi anapokiri kwamba anaogopa. Kisarufi yalipaswa kuwa Angst isst die Seele auf. Ali ametumia kitenzijina mahali pa kitenzi kilichonyambuliwa na ameiacha jina bila kibainishi. Kwa bahati njema Kiswahili kina kitenzijina kinachoonekana wazi: "Hofu Kula Roho" huvunja sarufi mahali palepale inapovunjwa na Kijerumani, ilhali "Hofu Hula Roho" ingekuwa methali iliyonyooka, na kilema chake, ambacho ndicho uzuri wake, kingepotea.

Je, Ali aseme hivyo filamu nzima? Hapa historia ya Kiswahili inaingilia. Kiswahili kisicho na upatanisho wa kisarufi kina sauti yake masikioni mwa Wakenya: ni Kisetla, lugha ya amri ya walowezi kwa watumishi wao. Mjini Munich lugha iliyovunjika ni ya mnyonge. Katika mashamba ya nyanda za juu ilikuwa ya bwana. Mfasiri akikosa uangalifu, kibarua atasikika kama mwajiri. Vilevile, katika baadhi ya lahaja za Kongo, upatanisho uliopunguzwa ni usemi wa kawaida wa mwenyeji na haumtambulishi mgeni hata kidogo. Kwa hiyo inafaa kuvunja mambo machache na kuyarudia, hasa kutumia kitenzijina badala ya viambishi vya njeo, na kuziacha ngeli salama.

Ikumbukwe kwamba hata Kijerumani cha Ali kimetengenezwa. Sauti inayosikika si ya El Hedi ben Salem, mwigizaji, bali ya Wolfgang Hess, Mjerumani. Tena, kufikia mwaka 1968 mwanaisimu Michael Clyne alikwisha kuonyesha kwamba Wajerumani wenyewe walivunja lugha yao, kwa vitenzijina hivyohivyo, walipozungumza na vibarua wa kigeni. Mwenye duka katika filamu hukataa kumuuzia Ali kwa kisingizio kwamba haelewi anachosema. Tafsiri isimfiche: maneno ya Ali dukani lazima yaeleweke kikamilifu, la sivyo mtazamaji atampa haki mwenye duka.

Panapo mahali Kiswahili kina uwezo kuliko Kijerumani. Baadaye majirani na wenzake Emmi wanarudi, kila mmoja akiwa na haja yake, na Emmi mwenyewe anawaonyesha mume wake kana kwamba ni mali. Wanamzunguka, wanashika misuli yake, wanamzungumzia akiwa amesimama papo hapo. Kijerumani hakiwezi kumtoa mtu katika ngeli ya watu kwa kiambishi kimoja. Kiswahili kinaweza: "Jibaba hili limejengeka, na ngozi yake laini." Tusi halipo, na Emmi, akisikia, anatabasamu.