Ernest Finney: Wakili aliyeshindwa kortini akaja kuwa Jaji Mkuu

WAKILI Ernest Finney alikuwa na umri wa miaka 83 aliposimama mbele ya mahakama ya Rock Hill, jimbo la South Carolina nchini Marekani, mnamo Januari 28, 2015. Alikuja kuomba jambo moja tu: hukumu waliyopewa wateja wake mwaka wa 1961 ifutiliwe mbali.

Wateja hao walikuwa vijana weusi waliokamatwa kwa kuketi kwenye kaunta ya mkahawa iliyotengewa wazungu, ndani ya duka la McCrory's. Walishtakiwa kwa kosa la kuingia mahali bila idhini. Walipopatikana na hatia, tisa kati yao walikataa kulipa faini ya dola 100, wakachagua kifungo cha siku 30 na kazi ya sulubu. Walisema kwamba kulipa faini ni kuitajirisha serikali ile ile iliyokuwa ikiwadhulumu.

Kushindwa kortini halikuwa jambo geni kwa Finney. Katika miaka hiyo aliwatetea maelfu ya waandamanaji waliopinga ubaguzi wa rangi, na mara nyingi mahakama za chini ziliwatia hatiani. Ushindi, ulipopatikana, ulitoka kwa mahakama za rufaa.

Finney alizaliwa mwaka wa 1931 katika jimbo la Virginia. Mamake alifariki siku chache baada ya kumzaa, naye akalelewa na babake aliyekuwa mwalimu. Alihitimu katika chuo cha Claflin mwaka wa 1952, kisha akasomea sheria katika chuo cha serikali kilichoko Orangeburg. Kitivo hicho cha sheria kilifunguliwa mwaka wa 1947 ili weusi wasipate sababu ya kudai nafasi katika chuo kikuu cha wazungu.

Alihitimu mwaka wa 1954, lakini shahada haikumletea wateja. Alilazimika kufundisha shuleni na kufanya kazi ya uhudumu hotelini ili kukimu maisha. Ilitukia kwamba chama cha mawakili wa jimbo kilifanya mkutano wake wa mwaka katika hoteli aliyokuwa akifanyia kazi. Kwa kuwa chama hicho hakikuwapokea weusi, Finney, ambaye pia alikuwa wakili, alikuwa akiwaandalia meza mawakili wenzake. Mwaka wa 1960 alihamia mji wa Sumter na kufungua afisi ya uwakili.

Hapa ndipo siasa zinapoingia. Katika South Carolina, majaji huchaguliwa na bunge la jimbo wala si na wananchi moja kwa moja. Hivyo basi, jamii isiyo na wabunge haina sauti katika uteuzi wa majaji, hata ikiwa na mawakili hodari.

Historia ya jimbo hilo inathibitisha hayo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, weusi walipata viti vingi bungeni. Mwaka wa 1870, bunge hilo lilimchagua Jonathan Jasper Wright, wakili na seneta, kuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya jimbo. Wapinzani wa haki za weusi walipotwaa madaraka mwaka wa 1877, Wright alishinikizwa akajiuzulu. Baadaye weusi walinyimwa kura kwa hila na vitisho, hadi sheria ya mwaka wa 1965 ilipolinda haki yao ya kupiga kura.

Miaka saba baada ya sheria hiyo, Finney aligombea ubunge wa jimbo na kushinda. Alikuwa miongoni mwa weusi wachache walioingia bungeni humo baada ya miongo mingi, na akawa mwenyekiti wa kwanza wa muungano wa wabunge weusi. Mwaka wa 1976 wabunge walimchagua kuwa jaji. Mwaka wa 1985 alipanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, akiwa mweusi wa kwanza kuketi humo tangu Wright alipoondoka miaka 108 awali. Mwaka wa 1994 alichaguliwa kuwa Jaji Mkuu.

Akiwa katika wadhifa huo, mahakama yake iliamua mwaka wa 1999 kwamba katiba ya jimbo inailazimu serikali kumpa kila mtoto nafasi ya kupata elimu ya kiwang'o kinachofaa. Kwa uamuzi huo, wilaya maskini zilizolalamikia hali ya shule zao zilipata ruhusa ya kuendelea na kesi yao. Finney alistaafu mwaka wa 2000.

Katika kikao cha 2015, jaji aliyekuwa kitini alikuwa John Hayes, mpwa wa jaji aliyewafunga vijana wale. Kiongozi wa mashtaka aliomba radhi, na hukumu ikafutwa. Walioingia gerezani wakiwa vijana walikuwa sasa wazee, na mmoja wao alikuwa ameshaaga dunia.

Finney alifariki Desemba 3, 2017, akiwa na umri wa miaka 86. Sheria iliyowafunga wateja wake ndiyo aliyoitumia kuwasafishia majina, ingawa kazi hiyo ilimchukua miaka 54. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.