Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Kwa Nini Mbwa na Paka Waandikishwe

Hakuna bunduki itokayo ghalani pasipo namba yake kuandikwa na askari aliyeichukua kutia sahihi. Desturi hiyo haikuwekwa ili kumsumbua askari, bali ili kila silaha iwe na mtu wa kuulizwa habari zake. Hata hivyo, katika laini zile zile wanamokaa askari, polisi na jamaa zao, hupita kila siku wanyama wenye meno makali ambao hawakuandikwa po pote: mbwa wasio na leseni, na paka ambao kila mpangaji husema ni wa jirani yake. Wote huwatupia makombo, lakini akitokea mtoto ameumwa, hakuna anayekubali kuwa mwenyewe.

Aghalabu mwenye mbwa akisikia neno leseni hudhani kwamba ni kodi nyingine iliyobuniwa kumpunguzia mshahara. Dhana hiyo yafaa iondolewe. Ada ni sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Leseni ikitekelezwa ipasavyo ina mambo matatu ndani yake: jina la mwenye mnyama katika daftari la serikali, ushahidi kwamba mnyama huyo amechanjwa, na alama ya shingoni inayomwunganisha mnyama na daftari hilo. Kenya na Uganda, kwa mfano, zina sheria maalumu juu ya kichaa cha mbwa. Taratibu na ada hutofautiana kutoka mahali hata mahali, lakini shabaha ni moja, nayo ni kulinda maisha ya watu.

UGONJWA USIO NA MSAMAHA

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kuparuzwa, au mate yanapogusa kidonda, macho au mdomo. Kisha hupanda polepole kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi 2 au 3, ingawa yaweza kuwa juma 1 tu au kufika mwaka mzima. Katika muda huo aliyeumwa hula, hucheza na kwenda shule kama ada yake. Lakini dalili zikisha kuonekana, yaani homa, kuwashwa mahali palipoumwa, fadhaa, kuogopa maji na kupooza, karibu kila mgonjwa hufa.

Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani yaonyesha kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na kwamba vifo 95 katika kila 100 hutokea Afrika na Asia. Karibu wagonjwa wote, 99 katika kila 100, huambukizwa na mbwa. Tena, katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Sababu yake si ngumu kuelewa. Mtoto ndiye achezaye na mbwa, ndiye amvutaye mkia, na ndiye afichaye jeraha kwa kuogopa kugombezwa na mama yake.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba kinga imejulikana kwa zaidi ya karne moja. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumpa chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, ambaye alikuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo hakuugua. Kwa hiyo watu hawafi leo kwa sababu dawa haijagunduliwa. Wanafa kwa sababu mbwa hawakuchanjwa, na kwa sababu walioumwa walicheleweshwa kupelekwa hospitali.

DAFTARI NA HESABU YA CHANJO

Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wa mahali wakichanjwa, kichaa hukosa njia ya kuendelea. Mbwa mgonjwa huweza kuuma wenzake, lakini wengi atakaowakuta wana kinga, na mnyororo wa maambukizi hukatika. Chanjo hiyo lazima irudiwe, kwa kuwa kundi la mbwa hubadilika upesi: wazee hufa, watoto huzaliwa, na wageni huingia kutoka vijiji jirani.

Hapo ndipo umuhimu wa daftari unapoonekana. Tuseme katika kambi moja na vitongoji vyake wamo mbwa 200, lakini walioandikishwa ni 120 tu. Bwana mifugo akija na kuchanja mbwa 100, hesabu yake itamwambia kwamba amekwisha chanja 83 katika kila 100, naye ataondoka akiridhika. Kumbe kwa kweli amechanja nusu tu. Kichaa kitaendelea kutembea miongoni mwa wale 80 wasiojulikana, na mwaka ujao wakubwa watashangaa kwa nini watoto wanaendelea kuumwa ilhali chanjo ilifanyika. Mtu aliyeficha mbwa wake ili kuokoa ada ndogo amewapotosha watu wote walioitegemea hesabu hiyo.

Kisiwa cha Pemba nchini Tanzania kimeonyesha kwamba kazi hii yawezekana, na pia kwamba haifai kuachwa njiani. Kwa kuchanja mbwa, maambukizi yalikatizwa kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje ya kisiwa, ikabidi chanjo irudiwe mpaka ulipotokomezwa kwa mara nyingine mwaka 2018.

MBWA ALIYEUMA NI WA NANI?

Faida ya pili ya leseni huonekana siku ya msiba. Mtoto anarudi nyumbani na damu mguuni. Ikiwa mbwa aliyemwuma ana alama shingoni, mwenyewe hupatikana upesi, cheti cha chanjo huonekana, na mnyama hufungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa au paka akiwa mzima baada ya siku hizo, ni dhahiri kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku alipouma, na daktari aweza kuamua kuzikomesha sindano zilizosalia.

Ikiwa mbwa hajulikani, mambo huwa mengine kabisa. Kila mtu husema amemwona lakini hamjui mwenyewe. Mnyama hutoweka, au hupigwa mawe na kutupwa kichakani. Hapo daktari hana budi kumhesabu kuwa mgonjwa, na familia hulazimika kumaliza sindano zote, pamoja na nauli na siku za kazi zilizopotea. Leseni ambayo mtu mmoja alikataa kuilipia hulipwa mara nyingi zaidi na jirani yake.

Yafaa ieleweke kwamba zile siku 10 ni za kumwangalia mnyama, si za kumngojesha mtoto. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tumbaku, mafuta, majivu au pilipili visipakwe juu ya jeraha.

FUNZO KUTOKA KWA ASKARI WA UINGEREZA

Historia ya Uingereza ina funzo kwa kila aliyevaa sare. Nchi hiyo ilipitisha sheria ya leseni za mbwa mwaka 1867. Mwishoni mwa karne hiyo serikali ilitoa amri kali za kuwafunga mbwa midomo na kuwazuia wale waliotoka ng'ambo, na mwaka 1902 kichaa kikatoweka. Lakini mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikimalizika, ugonjwa ulizuka tena. Inaaminika kwamba uliletwa na mbwa walioingizwa kwa siri na askari waliokuwa wakirejea kutoka vitani. Askari hao hawakuwa na nia mbaya. Waliwapenda wanyama waliokaa nao katika taabu. Hata hivyo, ilichukua mpaka mwaka 1922 kuusafisha ugonjwa huo nchini.

Funzo jingine lilikuja baadaye. Ada ya leseni nchini Uingereza iliachwa bila kupandishwa hata ikawa peni 37, kiasi kisichotosha kulipia kazi ya kuikusanya. Mwaka 1987 leseni hiyo ikafutwa. Lakini haja ya kumjua mwenye mbwa haikufutika pamoja nayo. Kuanzia mwaka 2016 sheria ililazimisha kila mbwa atiwe chini ya ngozi kidude cha elektroniki, kidogo kama punje ya mchele, chenye namba yake katika daftari. Mwezi wa Juni 2024 sharti hilo likawekwa pia kwa paka wa England.

MASWALI YA WENYE WANYAMA

Wako wasemao kwamba mbwa wao hatoki nje ya ua. Lakini mbwa mwenye kichaa hupita penye tundu la ua, na mbwa wa kulinda ndiye wa kwanza kumkabili. Mbwa wa ulinzi asiyechanjwa huweza kumwambukiza yule yule aliyepewa kumlinda.

Wengine huuliza paka ana hatia gani. Paka hakai mahali pamoja. Huumwa na mbwa usiku, na asubuhi hulala kitandani pamoja na watoto. Mji wa Calgary nchini Kanada uliweka leseni ya paka mwaka 2007, na ada ya mnyama aliyehasiwa ikawa ndogo kuliko ya asiyehasiwa. Hivyo mwenye paka hupata faida ya kupunguza vitoto visivyotakikana, ambavyo mwisho wake ni kutupwa jalalani.

Wako pia waogopao kwamba orodha ya mbwa ni orodha ya watakaouawa. Kwa kweli kuua mbwa ovyo hakumalizi kichaa. Nafasi yao huchukuliwa na wengine wasiochanjwa, na wenyewe huwakimbiza mbwa wao kwenda kuwaficha kwingine, labda pamoja na ugonjwa. Lakini pale ambapo mbwa wazururaji hukamatwa, mkanda wenye namba ndio unaomtofautisha mbwa wa mtu na mbwa koko.

AMRI YA UHAMISHO INAPOFIKA

Kuna jambo moja linalowahusu askari na polisi kuliko raia wengine, nalo ni uhamisho. Amri hufika ghafula, lori lina nafasi ya vitanda, masanduku na watoto, na mbwa huachwa mlangoni. Kwa siku chache hungoja chakula. Baadaye huanza kuzurura, hujiunga na mbwa koko wa jalalani, na kabla ya mwaka kwisha chanjo yake hupitwa na wakati. Mbwa koko wengi wa makambini walikuwa na wenyewe hapo zamani.

Mbwa wa kazi wa polisi haachwi hivyo, kwa sababu yumo katika daftari na yuko mtu aliyekabidhiwa. Mbwa wa nyumbani astahili utaratibu kama huo. Ikiwa familia inaweza kusafiri naye, achukuliwe pamoja na cheti chake, na aandikishwe huko waendako. Ikiwa haiwezekani, akabidhiwe mtu kwa jina, na ofisi ya mifugo ijulishwe ili daftari lisahihishwe. Kumwachia "watu wa laini" ni kutomwachia mtu ye yote.

MAMBO YA KUTENDA NYUMBANI

Kazi hii si ya baba peke yake. Mama wa nyumbani ndiye ajuaye ni wanyama wangapi wanaokula uani kwake, na afadhali yeye ndiye ashike vyeti.

Kwanza, ahesabu mbwa na paka wote wa nyumba, pamoja na watoto wao, na apeleke habari zao kwa bwana mifugo au ofisi ya baraza la mji.

Pili, kila mnyama apelekwe kuchanjwa siku za kampeni, na chanjo irudiwe kama cheti kinavyoagiza. Watoto wadogo wasitumwe peke yao kumvuta mbwa mkubwa kwenye foleni ya chanjo.

Tatu, cheti kiwekwe mahali pamoja na kadi za kliniki za watoto, ili kipatikane hata usiku.

Nne, mbwa avishwe mkanda wenye namba, usiombana shingo, na watoto wa mbwa wanapokua mkanda ulegezwe kila baada ya majuma machache.

Tano, watoto wafundishwe kusema mara moja wanapoumwa au kuparuzwa, hata kidogo, na waahidiwe kwamba hawataadhibiwa. Ahadi hiyo itimizwe.

Mataifa yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa kichaa kilichotoka kwa mbwa, na kila tarehe 28 Septemba huadhimishwa siku ya kupambana na ugonjwa huo. Katika wilaya nyingi siku hiyo chanjo hutolewa bure. Lakini hakuna haja ya kungoja Septemba. Jioni hii cheti cha mbwa na cha paka vitafutwe na tarehe zake zisomwe. Ikiwa tarehe imepita, au cheti chenyewe hakipo, mnyama afungwe uani leo, na kesho asubuhi mtu mzima ampeleke ofisi ya mifugo.