Njia ya Baiskeli Huanzia Kivukoni mwa Mto

Barabara kuu za Dar es Salaam, yaani Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, zinatoka katikati ya mji kama vidole vya mkono. Magari karibu yote ya masafa marefu hupita humo, na daladala huchepuka ghafla kupakia abiria pale pale anapopita mwenye baiskeli. Katikati ya vidole hivyo kuna mitaa tele, Sinza, Kijitonyama, Mwananyamala na Magomeni, ambako matuta na mashimo humnyima dereva nafasi ya kukimbiza gari.

Shida ni kwamba mitaa hiyo haiungani. Mto Msimbazi na vijito vyake, kama Mto Ng'ombe unaopita Tandale, huikata vipande vipande. Mtaa mtulivu huishia ghafla kwenye ukingo wenye taka. Kwa hiyo njia nzuri haipangwi kwa kuchagua mitaa mizuri. Kwanza hutafutwa mahali pa kuvukia mto na barabara kuu, kisha mitaa huunganishwa kuelekea hapo. Daraja moja laweza kubadilisha safari nzima: kabla ya Daraja la Tanzanite kufunguliwa mwaka 2022, aliyetoka Oysterbay kwenda mjini alitegemea Daraja la Selander na foleni yake.

Barabara kuu nayo huvukwa penye taa au kivuko cha pundamilia, kwa kushuka na kukokota baiskeli ikibidi. Kwa kuwa magari hupita kushoto, kukunja kushoto ni rahisi. Kukunja kulia pasipo taa kunamlazimu mwendeshaji kukatisha mbele ya magari yanayokuja. Ni afadhali kuzunguka mtaa mmoja zaidi.

Barabara ya Morogoro ilipata njia ya baiskeli pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016. Kwenye michoro, mambo yamekamilika. Barabarani, njia hiyo ina bodaboda, meza za wachuuzi na magari yaliyoegeshwa.

Kwa vichochoro, ramani ya OpenStreetMap inafaa sana, kwa sababu mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa ajili ya kukabili mafuriko, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaa, mitaro na njia za miguu. Ramani haionyeshi mchanga, hata hivyo, na tairi jembamba hukwama humo. Hapo muuza mkaa ni mwalimu bora. Aliyefunga magunia mawili nyuma ya baiskeli yake kwa mipira ya tyubu hawezi kupanda kilima kikali wala kupita mchangani, na akipita mtaa fulani kila siku, ardhi yake ni ngumu na tambarare.

Njia mpya hujaribiwa Jumapili asubuhi, ili kuzijua kona zake, kisha siku ya kazi kwa saa ile ile ya safari. Mtaa uliotulia saa nne asubuhi waweza kujaa saa kumi na mbili jioni, madereva wanapokimbia foleni kwa njia za panya.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hubadilisha hesabu. Vivuko vya chini hufunikwa na maji, Jangwani ikiwa mfano unaojulikana na kila mtu, na kwa miezi hiyo hutumika njia ya pili inayopita madaraja ya juu, hata ikiwa ndefu na yenye magari zaidi.