Fremu ya Kifuniko cha Injini: Chuma Gani, na kwa Unene Upi?

Mwenye boti wa ufuko wa Chato au Muleba, atakapo fremu ya kifuniko cha injini kwa kipimo chake mwenyewe, aghalabu humwendea fundi yule yule afanyaye mageti na madirisha. Na fundi huyo, awe Kaniha au Biharamulo mjini, mara nyingi hana chombo ila mashine ya kuchomelea kwa vijiti. Hapo ndipo shauri la alumini, ambayo uzito wake ni kama theluthi ya chuma, linapokwama, maana kuiunga vema kwataka mtungi wa argoni na mkono uliozoea, na mtikisiko wa dizeli huweza kuipasua viungoni. Chuma cha pua kina vijiti vyake, ila bei huwakimbiza wateja. Bomba lililopakwa zinki huungua zinki yake penye kiungo, na moshi wake humtia fundi homa.

Hubaki chuma cheusi, na juu yake muuza vifaa mmoja, asiyetaka jina lake litajwe, ana manung'uniko marefu. Asema hununua kwa jumla mabomba ya mraba yanayoitwa geji 16, akiyapima hukuta geji 18, na mteja arudipo na fremu iliyopinda, lawama humwangukia yeye wala si aliyemwuzia. Hesabu yamuunga mkono: bomba la mita 6, milimita 40 kwa 40, lenye unene wa milimita 1.5 (kama geji 16), hukaribia kilo 11. La milimita 1.2 (kama geji 18) halifiki kilo 9. Mnunuzi amelipia kilo 2 za hewa.

Afisa mmoja ashikilia kwamba shehena zote za chuma hukaguliwa, na kwamba ushuru wa 35 katika mia, uliowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022 na kugusa baadhi ya bidhaa za chuma, umevipa viwanda vya ndani nafasi ya kuinua ubora. Nafasi vimeipata, bila shaka. Ubora haujaonekana katika mizani ya muuza vifaa wetu. Na hii ni nchi ambamo wafua chuma wa jamii ya Warongo waliyeyusha chuma chao wenyewe kabla ya forodha kujulikana!

Huenda alumini ikapata mafundi wake siku za usoni. Kwa sasa dalili ni haba. Kwa chuma cheusi, engo (chuma cha pembe) ya milimita 3 yafaa kuliko bomba, kwani haifichi maji ndani na kutu yake huonekana mapema. Anayeagiza fremu na adai chuma kipimwe mizanini mbele ya macho yake kabla hajatoa fedha.